Jumapili bustanini: Usimwache bibi nyumbani!

Na Mwandishi Wetu

JUMAPILI, saa nne asubuhi. Baba kajilaza kwenye kochi, rimoti mkononi, anasubiri mpira wa Ulaya utakaoanza jioni. Mama anafua. Watoto wameshagombana mara tatu na chai bado haijapoa. Chumbani kuna bibi, kaja kutoka kijijini kutibiwa macho, anahesabu siku za kurudi kwake. Halafu yule mdogo kuliko wote anauliza swali ambalo wazazi wa mjini tunalikwepa kama mdeni anavyomkwepa Mangi wa duka: "Baba, leo tunaenda wapi?"

Jibu unalijua. "Tutaona."

Na hiyo "tutaona" ya wazazi wa Dar, msomaji wangu, haijawahi kuonekana hata siku moja!

Wengi tumejijengea imani kwamba kuwatoa watoto ni lazima mfuko utune. Tunawaza ufukweni, kwenye soda ya bei ya ajabu, chipsi kuku, bembea za kulipia na maboya ya kukodi. Ukirudi nyumbani wiki nzima mnakula dagaa huku mkitazamana. Kwa hiyo mwenye ukapa anajifungia ndani, watoto wanamalizana na televisheni, na Jumatatu inafika kila mtu amenuna.

Leo safu yetu inakupeleka kwingine. Ni pale katikati ya jiji, karibu na Makumbusho ya Taifa, ambapo wengi tumepita mara mia moja tukiwahi ofisini bila kugeuza shingo: Bustani ya Mimea ya Dar es Salaam.

Lakini nakuonya mapema. Bustani si bembea. Haimchangamshi mtu yenyewe, inataka umchangamshe wewe. Ukienda kichwakichwa, nusu saa haiishi mnataka kurudi. Jamaa yangu mmoja anayekaa Sinza alikwenda mara mbili. Ya kwanza ilikuwa kasheshe, ya pili mpaka leo inasimuliwa pale nyumbani kwake. Tuanze na kasheshe.

SAFARI YA KWANZA

Jamaa aliamka siku hiyo na wazo, basi likawa amri. "Vaeni, tunatoka!" Hakuna aliyejua wanakwenda wapi. Mama akawavalisha watoto zile nguo za sikukuu: binti gauni jeupe na viatu vya kung'aa, wa kiume suti ndogo na tai ya lastiki. Kutafuta soksi kukachukua saa nzima. Wametoka saa sita jua la utosi.

Bibi je? "Mama wewe pumzika, macho yako haya, utachoka," akasema jamaa, kwa nia njema kabisa. Bibi akajibu, "Haya baba, nendeni salama." Akabaki na redio.

Kufika bustanini, viatu vya kung'aa vikaanza kuuma. Maji hawakubeba. Chakula hawakubeba. Mtoto wa kiume akataka kujisaidia kabla hata hajaona mti mmoja. Binti akauliza, "Baba, huu mti gani?" Jamaa akautazama, akasema, "Huu ni mti." Akaulizwa wa pili. "Huo nao ni mti." Alipoulizwa wa tatu akatoa simu mfukoni, akajifanya kuna mtu anampigia.

Baada ya dakika arobaini walikuwa kituoni wakirudi. Njia nzima mama hakusema neno, na ninyi mlioko kwenye ndoa mnajua ukimya ule una uzito gani. Usiku ndipo aliposema: "Baba nanihii, siku nyingine ukitaka kututembeza, kwanza jua unatutembeza wapi."

Hapo mwanamke alisema kweli tupu.

JE, BUSTANI HII NI IPI HASA?

Kabla hujampeleka mtoto, jisomee kidogo wewe mwenyewe, usije ukaumbuka kama jamaa.

Bustani hii ilianzishwa mwaka 1893, enzi za Wajerumani, miaka miwili tu baada ya Dar es Salaam kufanywa makao makuu ya koloni lao. Mwanzilishi anayetajwa ni Profesa Franz Stuhlmann, msomi wa viumbe aliyekuwa amezunguka bara hadi maeneo ya maziwa makuu. Baadaye ndiye aliyeongoza kituo cha utafiti cha Amani, kule milima ya Usambara, kilichoanzishwa mwaka 1902.

Sasa usidhani Mjerumani alitengeneza bustani ili watu wapunge upepo. Lilikuwa shamba la majaribio. Mimea ililetwa kutoka pande mbalimbali za dunia, ikapandwa, ikatazamwa: upi unaota katika udongo wetu, upi utaleta fedha. Uliofaa ulikwenda kwenye mashamba makubwa, na waliokwenda kuulima walikuwa babu na bibi zetu. Pamba ya kulazimishwa ilikuwa mojawapo ya sababu za Vita vya Maji Maji vya mwaka 1905 hadi 1907. Kwa hiyo unapomwambia mtoto "tunakwenda kuona miti", jua kwamba unampeleka pia kuona historia.

Mfano mzuri ni mkonge. Mwaka huohuo wa 1893, Mjerumani mwingine, Dk. Richard Hindorf, aliingiza mkonge nchini akiuleta kutoka Florida, Marekani, kupitia Hamburg. Miche ilikuwa elfu moja, lakini iliyofika ikiwa hai ilikuwa 62 tu, ikapandwa upande wa Pangani. Katika miche hiyo 62 likazaliwa zao ambalo katika miaka ya 1960 lilikuwa likiipatia nchi hii zaidi ya tani 200,000 za singa kwa mwaka. Mweleze mtoto hesabu hiyo uone macho yatakavyomtoka.

Jiji lilipokua, bustani ilimegwa. Jirani yake mmoja leo ni Makumbusho ya Taifa, ambayo yalifunguliwa mwaka 1940. Mwingine ni Ukumbi wa Karimjee, ambamo Mwalimu Nyerere aliapishwa kuwa Rais wa kwanza mwaka 1962. Hata barabara ya pembeni bado inaitwa Garden Avenue. Eneo lililobaki si kubwa, lakini kwa miguu ya mtoto wa miaka sita linatosha na kubaki.

PANGA HIVI, USIJUTE

Mambo ya kupanga si mengi. Ila ukiruka moja, mengine yote yanaharibika.

Siku. Anza na msimu. Masika ya Machi hadi Mei ni matope na mbu. Juni hadi Agosti kuna upepo na ubaridi mzuri, mzee na mtoto hawachoki haraka. Ukitaka maua, subiri mwisho wa mwaka, wakati mikrismasi inawaka nyekundu jiji zima. Tangaza siku mapema, angalau wiki moja kabla. Raha ya mtoto nusu yake ni kuhesabu siku, na hiyo ni ya bwerere.

Saa. Toka nyumbani saa moja na nusu asubuhi, mfike jua likiwa bado na adabu. Saa tano na nusu muwe mnamaliza. Mtu anayetoka saa sita na watoto huyo haendi matembezini, anakwenda kuadhibiwa.

Njia. Mwendokasi au daladala za Posta na Kivukoni zitakufikisha. Kutoka kwenye Sanamu ya Askari shika Barabara ya Samora, elekea upande wa Ikulu na baharini, si upande wa Mnara wa Saa. Tembeeni polepole, si mbali. Njiani mwambie mkubwa kwamba barabara hii zamani iliitwa Acacia Avenue, ikawa Independence Avenue, ndipo ikapewa jina la Samora Machel. Jumapili asubuhi mjini kumetulia, hata kuvuka barabara hakutishi.

Fedha. Hesabu nauli kwa vichwa, kwenda na kurudi, na ile ya kurudi itie bahasha yake uifiche mbali na macho yako mwenyewe. Beba noti ndogondogo kwa lolote litakalotakiwa getini. Mengine yote yatoke jikoni kwako.

Chakula. Mama, usijitese na pilau. Chapati, mayai ya kuchemsha, viazi vitamu, machungwa yaliyomenywa, na maji mengi kuliko unavyodhani. Chai kwenye chupa kwa ajili ya bibi. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu Juni 2019, basi toa kile kikapu cha ukindu, na ubebe kitu cha kuwekea takataka mrudi nazo. Ila chungeni kunguru! Wale wenye shingo ya kijivu si wenyeji, waliletwa Zanzibar kutoka India miaka ya 1890 wasafishe mji, wakaamua kuhamia jumla. Kunguru wa Dar anaweza kuchukua chapati mkononi kwa mtoto huku anamtazama usoni.

Mavazi. Raba au kandambili. Nguo za kuchafuka, kofia, na mikono mirefu kidogo kwa sababu ya mbu, maana mbu wa dengi huuma mchana na jiji hili tuliipata fresh mwaka 2014 na tena 2019. Mkeka mmoja na kanga mbili zinatosha kuwa sebule.

Choo. Wazazi wengi huona aibu kulipanga hili, halafu ndilo linalovunja safari. Kila mtu apite kabla ya kutoka nyumbani, hata anayesema hana haja. Mkifika, jambo la kwanza mkubwa mmoja aulizie vyoo viko wapi, asisubiri dharura.

Miiko. Waambie watoto mkiwa bado nyumbani, si kule: hatuchumi, hatukwei, hatuli mbegu wala tunda lolote tusilolijua. Hili la mwisho si utani, iko mimea ya mapambo ambayo mbegu zake ni sumu. Na wewe baba mwenye simu mpya, piga picha za wanao mpaka uchoke, lakini usielekeze kamera upande wa Ikulu. Mkikuta maharusi wanapigwa picha chini ya mti, wapisheni, siku yao hiyo.

Mpira. Ndiyo, nao unapangwa! Angalia ratiba kwanza. Baba ambaye moyo wake uko uwanjani hafai kuongoza watoto bustanini.

MTAKACHOKIONA

Usitake kuona yote. Chagueni miti mitano, basi.

Mkrismasi kwanza. Huu unajulikana na kila mtoto wa Dar, lakini mwambie asili yake ni Madagaska. Jakaranda wa maua ya zambarau naye ni mgeni, katoka Amerika ya Kusini. Mtoto atashangaa kwamba miti nayo ina safari zake kama watu.

Halafu nenda kwenye jamii ya minazi na michikichi. Waache watoto washindane kutafuta tofauti za majani. Muulize mtunza bustani juu ya mnazi wa Ushelisheli, ule ambao mbegu yake ndiyo kubwa kuliko mbegu zote duniani, inaweza kupita kilo 20, na umbo lake ni kama nazi mbili pacha zilizoungana. Kwao hasa ni visiwa viwili tu, Praslin na Curieuse.

Usisahau saikadi. Ukiutazama harakaharaka utasema ni mchikichi mfupi uliokasirika, majani magumu na ncha kali. Si mchikichi kabisa. Ukoo wake ulikuwapo duniani kabla ya dinosaria. Na kama mtoto ni mpenzi wa dinosaria, mwambie kwamba mmoja wa wakubwa kuliko wote waliopata kusimamishwa katika jumba la makumbusho alichimbwa kwetu, Tendaguru, Lindi, kati ya mwaka 1909 na 1913. Sasa hivi yuko Berlin.

Mkibaki na nguvu, Makumbusho ni jirani. Humo kuna habari za Zinjanthropus, yule aliyegunduliwa na Mary Leakey kule Olduvai mwaka 1959, mwenye umri wa miaka kama milioni moja na robo tatu. Lakini usilazimishe. Mtoto aliyechoka hata umwonyeshe babu wa babu zake wote atalia tu.

SASA SAFARI YA PILI

Yule jamaa wa Sinza alikaa miezi miwili bila kutamka neno "bustani". Mkewe ndiye aliyelifufua, na safari hii alikuja na sharti moja: "Mama mkwe naye aende."

Jamaa akaleta zile hoja zake. Mama macho hayaoni vizuri. Mama atachoka. Mama atasema nini na hao watoto, wao wanaongea ya katuni, yeye anaongea ya shamba. Mkewe akamjibu, "Kwani tangu amekuja, wewe umempeleka wapi zaidi ya hospitali?"

Jamaa akanywea.

Wakajipanga. Jumamosi jioni chapati zikapikwa, binti akapewa kazi ya kumkumbusha kila mtu choo, wa kiume akapewa kazi ya kumshika bibi mkono. Kufika, wakatandika mkeka kwenye kivuli, wakanywa chai kwanza. Bibi akakaa, akavuta pumzi, akasema, "Ee, hapa kunanuka kwetu."

Kwao ni upande wa Pangani. Ujana wake aliufanya kwenye mkonge, mikono yake mpaka leo ina alama. Macho yake yana ukungu, mti wa mbali kwake ni kivuli tu. Basi wakabuni mchezo bila hata kukusudia. Watoto wanaokota jani lililoanguka, wanamwelezea: "Bibi, hili refu, lina meno pembeni." Yeye analishika, analifikicha, analinusa. Kisha anataja jina, na dawa yake, na nani alikatazwa kuukata mti huo na kwa nini. Mwingine akiletewa anatingisha kichwa: "Huu siujui mimi. Mgeni huu." Wanamwekea fungu la wageni pembeni.

Mtunza bustani mmoja aliyekuwa akifagia akasogea, akasikiliza, mwisho akaweka ufagio chini naye akaingia mchezoni. Majina ya wale wageni akayataja yeye.

Walipofika kwenye mnazi ndipo jamaa alipojua kwamba wanawe hawajui kitu. Wanaijua nazi iliyokunwa sokoni, basi. Bibi akawapanga kama mwalimu. Kwanza upunga, halafu kidaka, halafu kitale, halafu dafu, halafu koroma, ndipo nazi. Akawauliza makuti ni nini, kumbi ni nini, kifuu ni nini, ufagio wa chelewa unatoka wapi. Binti akasema, "Ufagio unatoka dukani." Bibi alicheka mpaka akashika mbavu. Mama mtu anasema tangu bibi afike Dar alikuwa hajamsikia akicheka.

Kisha bibi akasema, kama mtu anayesema jambo la kawaida tu: "Mimi mnazi wangu upo kwetu. Kitovu changu kilizikwa pale, juu yake babu yenu akapanda nazi. Baba yenu naye wake upo, ng'ambo ya kisima."

Yule wa kiume, miaka saba, akauliza: "Bibi, changu kiko wapi?"

Bibi akageuza uso upande aliko mwanawe. Jamaa akatazama juu, kana kwamba jibu limeandikwa kwenye makuti. Wanawe wote wamezaliwa hospitali hapahapa mjini. Tangu aoe amehama nyumba tatu za kupanga. Hakuwa na jibu.

"Nilijisikia kama nimesimamishwa na trafiki, leseni sina," aliniambia. "Lakini trafiki unaweza kumwomba. Mtoto yule utamwomba nini?"

Bibi ndiye aliyemwokoa. "Hujachelewa," akamwambia mjukuu. "Mnazi hauulizi umezaliwa lini."

Mbele ya hapo watoto hawakutaka kuondoka. Saa tano na nusu ikapita, saa sita ikapita. Waliporudi, mwendokasi umejaa, kijana mmoja akampisha bibi kiti, na yule wa kiume akasimama pembeni yake njia nzima akiendelea kuuliza. Jamaa anasema alisikia habari za marehemu baba yake ambazo yeye mwenyewe, na umri wake wote, hakuwahi kuzisikia. "Kwa sababu sikuwahi kumuuliza," akasema. "Nilikuwa namuuliza dawa umekunywa? Umekula? Basi."

KWA NINI NAKUPA HABARI HII

Si kwa ajili ya kukupamba Jumapili tu.

Sisi vijana wa mjini tumezoea kwamba mwenye hela ndiye anayeongoza matembezi. Yeye anachagua, yeye analipa, wengine wanafuata. Bustanini sheria hiyo haifanyi kazi. Pale anayeongoza ni anayejua, na katika nyumba nyingi za Dar anayejua ndiye tunayemwambia apumzike. Tunamleta mzee mjini, tunamnunulia godoro jipya, tunamwashia televisheni ya lugha asiyoijua, halafu tunashangaa kwamba siku ya tatu anaulizia basi.

Na muda haupo, ndugu yangu. Miti ya bustani ile mingine imeshamwona Mjerumani akija na akiondoka, Mwingereza akija na akiondoka. Itakuwapo mwakani. Bibi hana uhakika huo, na wewe unajua. Jina la mti ambalo hukumuuliza, hutalipata hata uwe na simu ya bei gani. Simu itakupa jina la Kilatini. Haitakwambia baba yako akiwa mdogo alianguka kutoka kwenye mti huohuo akavunjika mkono.

Kama bibi hayupo, yupo babu. Kama hawapo wote, yupo mama mkubwa, yupo mzee wa jirani ambaye wanawe wako mbali na Jumapili inamlemea. Mchukue. Nauli yake moja haikufilisi, na chapati moja zaidi haimalizi unga.

Na kama wewe bado hujaoa wala kuolewa, usijidai safu hii haikuhusu. Mchumba ukimpeleka bustanini pamoja na mama yako, ndani ya saa tatu utajua mambo ambayo kwenye disko ungeyajua baada ya miaka mitatu. Utamwona anavyomshika mzee mkono. Au asivyomshika.

MWISHO WAKE

Bibi wa Sinza alifanyiwa upasuaji wa jicho moja, akarudi kwake. Wiki mbili baadaye kondakta wa basi la Tanga akampigia simu jamaa: "Kaka, kuna mzigo wako hapa." Kaenda, kakuta mche wa mnazi umefungwa kwenye gunia, na ujumbe wa mdomo: "Huu wa yule aliyeuliza."

Wamepanga nyumba, mwenye nyumba hataki hata maua ya kopo. Basi wakaupeleka Chanika, kwenye kile kiwanja chao ambacho kina mawe ya msingi na nyasi tu tangu walipokinunua. Mtoto mwenyewe ndiye aliyefukia. Mnazi mrefu huanza kuzaa baada ya miaka kama sita hadi minane, kwa hiyo dafu la kwanza atalinywa akiwa sekondari, panapo majaliwa.

Nyumba bado haijajengwa. Lakini kila mwisho wa mwezi sasa wanakwenda Chanika na ndoo kumwagilia, na wakifika kule mtoto anampigia bibi kumwelezea majani yalivyo.

Wewe Jumapili ijayo unakwenda wapi? Usiniambie "tutaona".